Chafya ya Robo Ratili

Lori lilikuwa limekwisha kupita kizuizi cha kwanza Bi Staajabu alipokumbuka kwamba ameacha maharage jikoni, moto ukiwaka. Akamwambia mkaguzi. Mkaguzi akafungua mkoba, akatoa fomu ya kukamatia watu, akaisoma juu mpaka chini, kisha akamweleza kwa upole kwamba fomu ina nafasi ya jina, umri na kosa, lakini nafasi ya maharage haina. Tukaendelea na safari.

Mimi nilikuwa nyuma pamoja nao, juu ya magunia ya fomu nyingine. Sikuwa nimekamatwa. Nilikuwa naelekea mbele tu, na lori lilikuwa linaelekea huko huko.

Nchi yenyewe sitaitaja. Mtu akifika ataijua: nguzo zake za umeme zimesimikwa kwa umbali uliopimwa kwa kamba, zote sawasawa, na kama nyingine hazina nyaya, hilo ni jambo la idara nyingine. Miti ya barabarani hupakwa chokaa hadi kimo cha kiuno cha waziri. Ng'ombe huvuka kwa zamu. Nimezunguka nchi nyingi, shule nimeisoma vipande vipande kila nilipokaa mahali zaidi ya masika mawili, na sijaona nchi iliyotulia kama ile.

Bi Staajabu alikuwa msimulizi wa hadithi katika soko la Kitopeni. Mjane wa miaka hamsini na tisa, mwili mkubwa, sauti inayomfikia muuza samaki wa mwisho kule bila kumwamsha mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake hapa mbele. Shingoni alikuwa akivaa leseni ya kusimulia, kijibati chenye muhuri. Bila kijibati kile mtu haruhusiwi kusimulia. Anaruhusiwa kuomba chumvi, kugombana na jirani, kuuliza njia. Lakini akianza tu kusema palikuwa na mtu, na mtu mwenyewe hayupo, amevunja sheria. Wenye makosa makubwa hunyamazishwa maisha, na Bi Staajabu alikuwa anapelekwa mji mkuu kwa ajili hiyo. Alisema kuliko hivyo afadhali wangemkata mguu, maana hadithi anasimulia akiwa amekaa.

Kosa lake lilitokana na desturi ya watu wa Kitopeni wanayoiita kutupia. Msimulizi akiwa katikati ya hadithi, msikilizaji yeyote anaweza kumtupia kitu. Anasema "kobe", au "shemeji", au "ngazi", na msimulizi hana ruhusa ya kukataa. Anakipokea, anakiingiza, na lazima afike nacho nyumbani, yaani mwisho wa hadithi kile kitu kiwe kimefanya kazi. Kisipofanya kazi anazomewa wiki nzima, hata na watoto wa shule. Kwa hiyo hadithi ya Kitopeni hujui inakokwenda, na anayeisimulia naye hajui, na watu hufunga maduka kwenda kuisikiliza.

Serikali haikulipenda jambo hilo. Ilikuwa imeunda Idara ya Mfuatano wa Visa, yenye wakaguzi mia nne na jedwali moja. Katika jedwali, kila tukio linaloweza kutokea ndani ya hadithi lilipewa uzito wake. Harusi, ratili arobaini. Kifo cha mjomba, sitini. Kifo cha mjomba tajiri, tisini. Kuteguka mguu, nne. Kuanguka kwa serikali, elfu moja. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, chafya: robo ratili. Sheria ikasema hakuna tukio litakalozaa tukio lenye uzito unaozidi mara mbili ya uzito wake. Tangu hapo hadithi zote zilizosajiliwa zikanyooka. Simba akawa anampa mbuzi notisi ya siku saba. Binti wa mfalme akawa anapotea baada ya kujaza fomu ya kupotea, nakala tatu. Hadithi hizo zilisimuliwa viwanjani kila Ijumaa kwa gharama ya serikali, na kwa kuwa wananchi walikuwa wanalala, iliajiriwa kada maalumu ya waamshaji.

Sasa, pale sokoni, muuza vitunguu mmoja alimtupia Bi Staajabu chafya. Akaipokea. Hadithi ilipofika nyumbani, usultani mzima ulikuwa umeanguka. Hati ya mashtaka ilisema hivi: mwanzo, chafya, mwisho, kuanguka kwa usultani, katikati, haijulikani. Haikujulikana kwa sababu mpelelezi wa idara alikuwa ameondoka kidogo kwenda kununua karanga.

*

Mkaguzi aliyemkamata aliitwa Kilindo, Mkaguzi Daraja la Tatu, mtu wa makamo, mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata nyanya. Miaka kumi na tisa alikuwa anapima hadithi za watu na hakuwahi kuisikiliza hata moja. Alikuwa anazisoma kwenye fomu, tukio na uzito, tukio na uzito, kama mtu anayekula ganda la chungwa akiambiwa ndilo chungwa.

Ile "haijulikani" ilimkera. Hati haipelekwi mbele ya Mkurugenzi ikiwa na tundu. Akamwamuru Bi Staajabu aisimulie hadithi yote palepale juu ya magunia, yeye aandike. Bi Staajabu akamkumbusha kwamba leseni imo ndani ya mkoba wake yeye mkaguzi, na mtu asiye na leseni akisimulia anatenda kosa jipya. Kilindo akatazama kitabu cha kanuni, akaona ni kweli, akamwandikia kibali cha muda: kusimulia ndani ya lori tu, hadi lango la mji mkuu.

Basi akaanza. Palikuwa na Sultani mwenye usingizi mzito kiasi kwamba kila alfajiri ilibidi apigiwe ngoma ndipo aamke, na jua lenyewe, kwa adabu, lilikuwa linangoja ngoma hiyo. Tulipita mashamba ya alizeti, tukapita mji ambao kila nyumba ilikuwa na namba ile ile kwa ajili ya usawa, na Bi Staajabu alikuwa bado anatuonyesha chumba cha Sultani. Siku ya pili asubuhi, tukipanda mlima, Kilindo akaacha kuandika. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwavuli."

Bi Staajabu akamkazia macho. "Umetupia, mkaguzi?"

"Nimekohoa," akasema Kilindo.

"Kikohozi chako kina mpini," akasema Bi Staajabu, na akaupokea.

Kufikia mchana alikuwa ametupia pia fundi saa, na dirisha lisilofungika, na mwanamke mmoja wa kutoka ng'ambo anayedai bata wake. Dereva naye akatupia kiraka cha gurudumu. Vyote viliingia, na kila kimoja kilikaa kama kilizaliwa mle ndani. Kilindo alikuwa anaandika huku ulimi umemtoka kidogo pembeni, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikafika pale mpiga ngoma alipoinua kijiti, pua ikamwasha, akapiga chafya. Na pale pale gurudumu la mbele likavuka mstari mweupe wa lango la mji mkuu.

Bi Staajabu akafunga mdomo.

"Kisha?" akauliza Kilindo.

"Kibali kimekwisha, mwanangu."

Kilindo akatazama mstari mweupe, akatazama kibali. Saini ilikuwa yake mwenyewe. Akabaki na kalamu mkononi hadi idarani.

*

Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Mfuatano wa Visa alikuwa Daktari Tindwa. Udaktari wake aliupata kwa utafiti kuhusu pembe ambayo mtu aliye kwenye foleni anapaswa kugeuza shingo ili kuangalia mbele bila kutoka kwenye mstari. Kesi aliisikiliza mwenyewe katika Ukumbi wa Mlinganyo, ambao una milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kulinganisha na ule wa kuingilia. Mezani mbele yake kulikuwa na kijibati cha Bi Staajabu, na juu yake mkasi wa kukatia mabati.

Alipoulizwa, Bi Staajabu alijibu kwamba chafya hakuiweka yeye; alitupiwa, na desturi ya kwao haimruhusu kukataa.

Daktari akasimama. Alizungumza saa moja na dakika arobaini, nami nitatoa kipande tu.

"Ndugu zangu," akasema, "wapo wataalamu wa nchi za nje wanaodai kwamba jambo dogo kabisa hapo mwanzo laweza kuzaa jambo kubwa kabisa hapo mwisho, na kwamba hakuna awezaye kujua kabla. Wanaiita Nadharia ya Vurugu. Bunge letu tukufu liliijadili nadharia hiyo kwa kina, na likaikataa kwa kura mia mbili na kumi na mbili dhidi ya sifuri. Kwa hiyo hapa kwetu haifanyi kazi. Huko kwao waendelee nayo."

Watu walipiga makofi, matano matano.

Kisha Daktari akapata wazo, nalo ndilo lililowaponza, ingawa kwa kweli lilikuwa wazo la utaratibu kabisa. Alisema kumkatia mama huyu kijibati chake hakutoshi, kwa kuwa wananchi watabaki na shaka mioyoni. Lifanyike jaribio. Chafya ipigwe rasmi, ukumbini, na redio ya taifa iitangaze moja kwa moja nchi nzima, ili kila raia asikie kwa masikio yake kwamba imepigwa na hakuna kilichotokea. Baada ya hapo mkasi ufanye kazi yake. Siku akachagua Jumatano, kwa heshima, kwa kuwa Jumatano hiyo Mheshimiwa Mtulivu Mkuu, rais wa nchi ile, alikuwa anaongeza kipindi chake.

Hilo nalo nilieleze. Mtulivu Mkuu alikuwa akiongeza kipindi chake kila mwaka, mara ya ishirini na saba sasa, kwa kutia saini karatasi moja siku ya mwisho, saa sita kamili mchana. Hakuwa anaitia mapema hata kwa dakika moja, kwa kuwa alisema kuwahi nako ni vurugu.

*

Katika nchi ile mtu akipiga chafya, kila aliyeisikia husimama palepale alipo, husema "Afya", kisha hunyamaza. Aliyepiga chafya hujibu, "Tuwe nayo." Hapo ndipo watu huendelea na shughuli. Zamani ilikuwa adabu tu. Baadaye serikali ikaona ni jambo zuri, ikalitungia sheria yenye vifungu thelathini na mmoja: asitikisike mtu, asiseme neno lingine, mpaka mwenye chafya amejibu kwa kinywa chake. Madaktari wa hospitali na wakunga walisamehewa, Mungu awabariki walioliona hilo. Wengine wote, hapana. Kwa kawaida jambo hili huchukua muda wa kupepesa jicho, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuliwaza sana. Na watangazaji wa redio wakishikwa na mafua hupewa likizo.

Aliyeteuliwa kupiga chafya ni Kilindo. Alipewa barua. Naijua barua hiyo kwa sababu baadaye ilinakiliwa mara nyingi: "Utapiga chafya moja. Hutasema neno kabla wala baada, kwa kuwa wewe si shahidi bali ni kielelezo. Ruhusa yoyote ya kusema itatolewa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe."

Jumatano ukumbi ulijaa. Wakaguzi mia nne walikaa kwa vimo. Zikiwa zimebaki dakika nne kufika saa sita, Kilindo akasogea mbele ya kipaza sauti, akavuta ugoro uliokuwa umepimwa na kamati, akatazama dari, akapiga chafya.

Haikuwa kubwa. Nimesikia kubwa kuliko ile.

Ukumbi mzima ukasimama, ukasema "Afya". Na nje, dirisha kwa dirisha, redio kwa redio, mji ukasema "Afya", na baada ya mji, mashamba, na baada ya mashamba, mpaka wa nchi. Kisha kimya.

Tukangoja jibu.

Kilindo alijua anadaiwa jibu. Lakini mfukoni alikuwa na barua, na mtu mwenye miaka kumi na tisa ya utumishi havunji barua. Wa kumruhusu alikuwa Daktari Tindwa peke yake, naye Daktari alikuwa amekwisha kusema "Afya" na kisheria hakuwa na neno jingine kinywani. Wakatazamana. Macho ya Daktari yalisema: jibu. Macho ya Kilindo yalisema: niandikie.

Dakika zikapita. Kinyozi mtaa wa pili alikuwa amesimama na wembe juu ya kichwa kilichonyolewa nusu. Bwana harusi mmoja, kama nilivyosimuliwa, alikuwa ameulizwa kama amekubali na alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Familia ya bibi harusi ikaanza kumtazama kwa namna nyingine. Treni ilisimama darajani. Kwenye uwanja wa mpira mpira ulikuwa unabingirika polepole kuelekea golini, kipa akiufuata kwa macho tu, ukaingia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinua mguu ili nijikune, nikabaki hivyo hivyo kama korongo. Mimi si raia wa kule, lakini sheria ya watu naihofia kama wenyewe.

Mtu mmoja tu mle ukumbini ndiye aliyekuwa huru. Kanuni za ukumbi zilisema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hasikii lolote isipokuwa anachosomewa. Chafya hakusomewa. Bi Staajabu alikaa kwenye benchi lake, akatutazama mmoja mmoja, akajipepea na ncha ya kanga.

Angeweza kunyamaza, na hesabu ilikuwa upande wake. Kila dakika nchi ilivyozidi kusimama, ndivyo kesi yake ilivyozidi kupona yenyewe. Akifungua mdomo kusimulia, hapo mbele ya mkasi, mbele ya redio, bila leseni, basi anakamatwa akiwa na kosa mkononi na taifa zima ni shahidi. Yote hayo aliyajua. Lakini dirishani alikuwa anamwona mama mmoja wa vitumbua, amesimama na kijiti chake cha kugeuzia, vitumbua vinaungua upande mmoja, machozi ya moshi yanamtoka na hawezi kuyafuta. Bi Staajabu akavuta pumzi.

"Tulikomea wapi, mkaguzi?" akasema. "Tulikomea kwa mpiga ngoma. Basi mpiga ngoma akapiga chafya, kijiti kikiwa hewani. Ua zima likasema Afya. Na Sultani bado amelala, na yule mama anayedai bata wake yuko mlangoni na mwavuli wa watu, na dirisha lile mnalijua, halifungiki. Jua limechungulia, limesikia kimya, halijui litoke au lirudi. Mpiga ngoma akameza mate. Akamtazama fundi saa. Akafungua mdomo wake ili awajibu watu, na alichojibu..."

Akaanza kutoa uzi uliojitokeza kwenye pindo la kanga, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Jasho lilimtoka Kilindo kwenye paji la uso likafika kidevuni. Siku tatu alikuwa na tundu lile ndani ya hati, na sasa lilikuwa limefunguka mbele yake, na lilikuwa linangoja neno moja.

"Tuwe nayo," akasema Kilindo. "Kisha?"

Nchi ikapumua. Wembe ukashuka, treni ikavuka, bwana harusi akamaliza neno lake, ingawa aliambiwa alirudie kwa sauti. Mimi nikajikuna. Lakini ile "Kisha?" nayo ilipita hewani, na wanasema nusu ya wananchi walibaki wamesimama karibu na redio zao. Sheria ilikuwa imekwisha kuwaachia. Walitaka kujua.

Ilikuwa saa sita na dakika kumi na moja.

Ikulu, Mtulivu Mkuu alikuwa na redio mezani ili afurahie kushindwa kwa chafya. Kalamu ilikuwa vidole vitatu juu ya karatasi, mahali ilipokuwa wakati chafya ilipomkuta. Alikuwa mtu wa kufuata sheria, hakutikisika. Sasa akaishusha, akatia saini, saini nzuri. Mwanasheria wake akainama sikioni.

"Mzee," akasema, "ile saini ni ya mtu binafsi. Kipindi kimekwisha dakika kumi na moja zilizopita."

*

Katiba ilisema kipindi kikiisha bila kuongezwa, hufanyika uchaguzi. Watu wakaenda kutafuta masanduku ya kura, wakayakuta kwenye bohari, kuku wanatagia mle. Hilo lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa ripoti. Serikali haihesabiki kuwa imeanguka mpaka chanzo cha kuanguka kwake kiandikwe na Idara ya Mfuatano wa Visa na kupitishwa kwa jedwali. Serikali ni ratili elfu moja. Inahitaji chanzo cha ratili mia tano kwenda juu. Wakatafuta kila mahali jambo la uzito huo lililotokea Jumatano. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Hakukuwa na tetemeko wala nzige. Ikawa rais si rais, na rais wa zamani hajawa, na walinzi wa Ikulu hawajui wampigie nani saluti. Wakawa wanaupigia saluti mlango.

Siku ya tatu Daktari Tindwa akaja mwenyewe katika chumba alimowekwa Bi Staajabu. Mimi nilikuwa mlangoni, nangoja lori. Alikuja na birika la chai na akamwita Bibi yangu. Akasema taifa linahitaji mafuriko. Mafuriko yana ratili mia sita, yanatosha na kubaki. Wakaguzi wake mia nne wamejaribu kuyatunga na yametoka makavu. Yeye Bibi ana kipaji.

"Mafuriko gani tena, mwanangu," akasema Bi Staajabu, "na mji huu watu wanasubiri maji kwa ndoo."

Daktari akasema ayasimulie vizuri, watalowa. Kisha akaweka mezani kijibati kipya, kina rangi, kimechongwa jina lake, na maandishi: Msimulizi wa Taifa, leseni ya maisha. Na akasema, kwa sauti ile ile ya chai, kwamba akikataa, mkasi upo, na kosa la Jumatano lina mashahidi milioni nane.

Bi Staajabu alikishika kile kijibati. Alikishika muda mrefu. Kidole kilikuwa kinapita juu ya jina lake, kinarudi. Nami sitamsema vibaya mtu kwa jambo kama hilo. Akakohoa, akaanza. Palikuwa na mji, na juu ya mji palikuwa na wingu la ratili mia tatu. Wingu likatoa notisi. Watu wakahamisha vitanda. Hapo akasimama.

"Haya maji yako hayamkuti mtu," akasema. "Wote wamekwisha kuhama. Nitafika vipi nyumbani na maji matupu?" Akakirudisha kijibati mezani, upande wa Daktari. "Mimi nimetupiwa chafya. Nitafika na chafya. Mkitaka kukata, kateni."

Daktari akainua mkono kumwita mwenye mkasi, na aliyeingia ni Kilindo. Hakuwa amelala, suruali imekunjamana, mkononi ana karatasi. Akaomba ruhusa ya kupima. Daktari akampa, kupima hakujawahi kukatazwa.

"Chafya, robo ratili," akasoma Kilindo. "Imezaa 'Afya' ya safu ya mbele, nusu ratili. Mara mbili, halali. Hiyo imezaa 'Afya' ya ukumbi, ratili moja. Halali. Ukumbi umezaa mimi kunyamaza, ratili mbili."

"Kunyamaza kwako hakumo kwenye jedwali," akasema Daktari.

"Kumo, Mkurugenzi. 'Mtumishi kutii barua.' Ukurasa wa tisa." Akaendelea. Kunyamaza kulizaa mtaa kusimama, nne. Mtaa, mji, nane. Kila alichosoma kilikuwa kweli kimetokea, na kila kimoja kilizaa mara mbili yake, wala hakikuzidi. Treni ilikuwemo. Mpira uliobingirika ulikuwemo. Hatua ya kumi na mbili ilikuwa kalamu juu ya karatasi Ikulu, na uzito wake ukatoka ratili elfu moja na ishirini na nne.

Daktari alichukua penseli, akarudia hesabu. Akairudia tena kutoka chini kwenda juu. Birika lilipoa.

"Zinazidi ishirini na nne," akasema mwishowe.

"Zirudishwe ghalani," akasema Kilindo.

Ndivyo ilivyokuwa. Sheria ile ile, kwa miaka yote ile, ilikuwa inaruhusu chafya kuangusha serikali, almuradi ipite kwa ngazi kumi na mbili na kila ngazi iwe na adabu. Hadithi ya Kitopeni ilikuwa halali tangu siku iliposimuliwa. Tena ile "haijulikani" ya katikati sasa ilikuwa na ngazi zake, zimejulikana na kupimwa. Na kama hadithi ni halali, leseni ilichukuliwa kimakosa. Na kama ilichukuliwa kimakosa, kisheria haikutoka shingoni, na aliyosimulia Jumatano aliyasimulia akiwa nayo. Daktari Tindwa alikuwa mtu wa utaratibu kuliko alivyokuwa mtu wa hasira. Akapiga muhuri. Akampa kijibati chake cha zamani, kile kipya akakitia mfukoni.

Bi Staajabu akakivaa. Kisha akamtazama Kilindo.

"Kaa chini, mkaguzi," akasema. "Alichojibu mpiga ngoma siyo ulichosema wewe."

*

Uchaguzi ulifanyika mwezi uliofuata. Mtulivu Mkuu aligombea, akawa wa tatu kati ya watatu. Analima kabichi. Aliyeshinda alikuwa mpima ardhi. Ametawala miaka minne, na mwaka huu ameunda kamati ya kuangalia kama saa sita mchana ni saa inayofaa.

Sheria ya chafya ilirekebishwa. Chafya ya redio haihesabiki. Muuza vitunguu aliyetupia chafya alichaguliwa kuwa mbunge na bado hajachangia hoja.

Idara ya Mfuatano wa Visa ilivunjwa. Daktari Tindwa sasa ni Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Vurugu Rasmi, yenye wakaguzi mia nne wale wale, ambao huhakikisha kila hadithi ina jambo lisilotarajiwa kabla ya ukurasa wa tatu. Hadithi zisizo nalo hurudishwa. Waamshaji bado wana kazi.

Dereva wa lori alihamia kwenye magari ya mchanga. Mama wa vitumbua alipewa barua ya pole.

Kilindo aliacha kazi. Anakaa Kitopeni, anashona viatu, na ameoa dada wa kinyozi. Sokoni hutupia vitu vigumu, na Bi Staajabu huzomewa mara chache.

Mimi niliondoka mji mkuu Jumamosi, kwa miguu, upande wa kaskazini.

Bi Staajabu anasimulia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa kumi alasiri. Leseni yake iliisha muda mwaka jana. Hakuna aliyekuja kuikagua.